Unataka kuwa opereta wa mitambo? Anza na rola, usicheke

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, eti "kaka mi nataka ekskaveta moja kwa moja, hayo mengine sina muda nayo". Ekskaveta ni ile mashine ya kuchimba yenye mkono mrefu. Nimecheka ila imeniuma kidogo, maana enzi zile naendesha rola, mashine ya kushindilia udongo, forman wetu alikuwa ananiita dereva wa kwenda na kurudi, mbele za watu, na wote wanacheka. Sijasahau.

Sasa sikia. Rola ndo iliyonifundisha udongo. Unashindilia tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 20 hivi, ukimwaga nusu mita kwa mkupuo juu patakuwa pagumu huku chini kumelegea, halafu barabara inatitia mbele ya safari. Udongo mkavu haushikani, uliolowa sana unabonyea kama godoro, kwa hiyo boza la maji liwe karibu na we ndo ujue kusema basi inatosha. Mfinyanzi unataka rola ya meno, changarawe inataka rola ya ngoma laini ya chuma yenye mtetemo. Haya yote niliyapata nikiwa napigwa jua na kuchekwa.

Nilivyopanda greda, ile mashine ya kusawazisha barabara, ndo heshima ikaja yenyewe. Wengi wanaona greda na tingatinga ni kitu kimoja, wapi! Tingatinga ni la kung'oa visiki na kusukuma udongo mwingi umbali mfupi, ikizidi kama mita 100 unachoma dizeli bure, hapo ita ekskaveta ipakie kwenye tipa. Greda bledi yake, yaani kisu cha kukwangua udongo, iko katikati, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, nyingi ni mita 3.7 au 4.3, na yenyewe ndo inamalizia, inachanganya, inasambaza, inaweka mteremko wa asilimia 2 au 3 kutoka katikati ya barabara ili maji yakimbilie pembeni. Na ukishaujua udongo, bledi inakutii. Mwezi uliopita nimekabidhi kipande, injinia kapima levo, yaani usawa wa barabara, mwanzo mwisho hajanirudisha popote. Yule forman alikuwepo, kanipa mkono.

Vijana mna haraka sana jamani! Mnataka kiti cha juu, udongo wenyewe hamuujui. Ekskaveta ni tamu sikatai, inazunguka digrii 360, inachimba msingi, ukiifunga nyundo inavunja mwamba, lakini huko kosa dogo linakata bomba la watu. Rola kwanza. Halafu rola tena. Baadaye jisogeze kwa opereta wa bakho, ile yenye loda ya kupakia mbele na kijiko cha kuchimba nyuma, inatembea kwa matairi yake haisubiri lobedi, yaani lori la kubeba mitambo, utashika mambo mawili kwa wakati mmoja. Ekskaveta utaikuta tu, na siku ukiipanda udongo unaoutoa usiulundike ukingoni mwa mtaro, usogeze angalau mita moja, kingo zinaporomoka na mle chini kuna mafundi.