Fungua hicho kisanduku: jibu kwa kijana wa Wete

Juma lililopita kijana mmoja wa Wete kaniandikia. Marehemu baba yake alikuwa baharia, na katika sanduku lake la safari wamekuta modeli ya plastiki ya kuunda mwenyewe, ya kampuni ya Kiingereza ya Airfix: kifaru cha vita cha Wajerumani kiitwacho Tiger, kipimo cha 1/76, yaani kimepunguzwa mara 76. Haijaguswa, vipande vyote bado vimeshikana na fremu za plastiki vilizotoka nazo kiwandani. Kuna mtu wa Dar anaitaka kwa sharti moja tu: kisanduku kisifunguliwe. Kijana ananiuliza, "Ami, niiuze, niiweke, au niiunde?"

Iunde. Na najua wengi mnaonisoma mna visanduku vyenu juu ya kabati mnavisubirisha siku njema, kwa hiyo jibu hili ni lenu nyote.

Nina sababu ya kulisema kwa ukali. Mwezi uliopita nimemaliza modeli yangu ya Swordfish, ndege ya kivita ya Waingereza, ya Airfix vilevile, kipimo cha 1/72, kisanduku cha miaka ya 1970 nilicholetewa na shemeji yangu aliyeko Uingereza. Wengi wanaijua Swordfish kwa kuishambulia manowari ya Kijerumani Bismarck, Mei 1941. Mimi naipendea bahari yetu. Tarehe 5 Mei 1942 Swordfish zilizoruka kutoka manowari ya kubeba ndege, Illustrious, ziliishambulia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, na baadaye mwaka huohuo askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakateremshwa kisiwani humo. Watu wanadhani vita vile vilikuwa vya Ulaya tu. Na kama Madagaska ni mbali, basi katika vita vilivyotangulia manowari ya Kiingereza Pegasus ilizamishwa na Königsberg ya Wajerumani hapahapa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani. Sisi tuna haki ya kuunda vyombo hivi kuliko wengi wanaoviunda.

Basi nilipofungua kisanduku, bawa moja limepinda, karatasi ya stika, zile za kulowekwa majini ndipo zibandikwe, imegeuka manjano, na kioo cha mbele cha rubani kina mkwaruzo. Bawa nililitia katika maji moto, si yanayochemka, nikalinyoosha kwa vidole, nikalishikilia chini ya maji baridi. Karatasi ya stika niliitia katika mfuko wa plastiki unaoonyesha, nikaubandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua. Wazungu huandika kwamba kazi hii kwao huchukua wiki nyingi. Jua letu halina mchezo, umanjano ulitoka upesi. Kisha nikaipaka karatasi nzima vanishi isiyo na rangi kabla ya kuitia maji, maana stika za umri ule zikiguswa na maji huweza kukatika vipande vipande. Jaribu kwanza ile usiyoihitaji.

Kuosha vipande kwa sabuni na kusugua kwa msasa sikuelezi. Ni kazi ya kuchosha na haina hadithi.

Rangi ndiyo iliyonitoa jasho. Nilianza wakati wa masika, na rangi ya mafuta katika unyevu ule haikauki. Ukigusa, kidole kinaacha alama. Ya kupuliza ni mbaya zaidi, inafanya ukungu mweupe juu ya uso. Nikaacha kila kitu chini ya bakuli la plastiki kukinga vumbi, nikasubiri kusi. Nyumbani walikuwa wakinicheka. Mama kila akipita anauliza, "Mtoto wa nani huyu anayechezea midoli?" Nacheka naye, ingawa baada ya siku nyingi kicheko kinakuwa kigumu kidogo.

Kusi ilipoingia nikarudi. Na hapa nataka mnisikilize, kwa sababu sehemu hii ndiyo ninayojivunia na sioni haya kusema hivyo. Swordfish ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na katikati yake kuna nyaya nyingi za kuyakaza, zimepishana kama kamba za jahazi. Kwenye kisanduku hakuna hata waya mmoja. Mabawa ya ndege yenyewe yalikuwa na upana wa karibu mita 14. Kwa kipimo cha 1/72 yanakuwa sentimita 19 na kidogo, kwa hiyo uzi wa kawaida wa kushonea ukiutia hapo unaonekana nene kama bomba. Dawa yake imo ndani ya kisanduku chenyewe. Chukua kipande cha fremu kilichobaki, kishike ncha zote mbili juu ya mshumaa, mbali kidogo na moto, ukizungushe. Kikianza kulegea katikati kiondoe kwenye joto, ndipo ukivute. Ukivuta haraka utapata uzi mwembamba kama unywele. Ukivuta polepole utapata mnene. Subiri upoe, ukate kwa wembe, uushike kwa kibanio cha nyusi, utie gundi kidogo tu kwenye ncha.

Ukiona uzi umelegea baada ya kubandika, usiung'oe. Washa kijiti cha udi, uzime mwali, usogeze kaa lake karibu na uzi bila kuugusa. Utauona unajikaza wenyewe. Nyumba gani ya Unguja itakosa kijiti cha udi? Niliikaza Swordfish nzima namna hiyo, usiku, feni imezimwa, jasho linanitiririka, chumba kinanukia kama cha harusi.

Nikapiga picha, nikamtumia mkusanyaji mmoja wa siku nyingi ambaye nilikuwa nikimheshimu. Akanijibu: "Hapo umeshaiua thamani." Basi. Hakuuliza nyaya nimezifanyaje. Sitomtaja, mwenyewe anajijua, na wallahi mpaka leo nikilikumbuka neno lile moyo unanichoma.

Thamani gani? Airfix ilipotoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953, iliuzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi 2 za Kiingereza, imefungwa katika mfuko na kipande cha karatasi juu. Ni kitu kilichotengenezwa ili mtoto akinunue kwa pesa zake za mfukoni, akae nacho mezani, agundishe vidole vyake. Tena kalibu za zamani hazikutupwa zote. Airfix wenyewe wamezirudisha nyingi katika mfululizo wao wa Vintage Classics, na Tiger hiyohiyo ya 1/76 imo. Anayetaka plastiki isiyoguswa aende akanunue huko.

Ndugu zangu, tuache kuwa walinzi wa makaratasi. Kisanduku kilichofungwa juu ya kabati, chini ya bati, katika joto letu na unyevu wetu, hakihifadhiki. Karatasi inaota ukungu, stika zinakauka, na plastiki laini za zamani hukatika zenyewe au, zikigusana muda mrefu na plastiki ngumu, huila. Mtu anajiita mtunzaji, na kila mwaka anaongeza kisanduku na hajui kilichomo kiko hai au kimekufa. Fungueni. Hesabuni vipande. Unayenunua, omba picha ya fremu zote kabla ya kutoa pesa, hasa vioo na karatasi ya stika. Muuzaji akisema "bado haijafunguliwa" kana kwamba ndiyo sifa, mwambie afungue.

Gundi na rangi ya mafuta msitegemee kutumiwa kwa ndege, vinashika moto na havipokelewi. Mwombeni anayekuja kwa meli. Na msijaribu asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, inaibomoa plastiki yote.

Sasa wewe kijana wa Wete. Anza na minyororo ya kifaru, kwa sababu imefanywa kwa plastiki laini na gundi ya kawaida haiishiki. Ikunje taratibu kwanza uone kama haijawa kavu. Ikiwa nzima, ncha zake huungwa kwa moto: pasha bisibisi, bonyeza vichwa vya vipini vidogo vilivyo kwenye ncha hizo mpaka vibabatane. Mtu wa Dar mwambie kisanduku kimefunguliwa, na akiendelea kuitaka Tiger, hapo ndipo mzungumze bei. Na kabla hujagusa magurudumu nitumie picha ya fremu, maana ya Tiger yanapishana. Yale ya ndani lazima yapakwe rangi na kukauka kabisa kabla hujatia ya nje, la sivyo brashi haitofika tena.