Ukitaka bunduki ya Kijapani ya mitutu ya juu na chini, soma maandishi madogo kwanza

Kuna watu ukiwatajia shotgani ya mitutu miwili, mmoja juu mwingine chini, akili inakimbilia Italia au Ubelgiji, Japani wala haimo. Mimi za Ulaya nimezishika na nazipenda sana tu, ila kwa mtu anayetoa hela mfukoni mwake na anataka bunduki ya kupigia shabaha au ndege miaka nenda rudi, ntamwambia bila kupepesa macho atafute ya Kijapani ya miaka ya 60 mpaka 80. Leseni yako iwe sawa kwanza lakini, hayo mengine yote yanakuja baadae.

Shida ni kwamba nyingi ya hizi bunduki hazijitangazi. Ubavuni unakuta jina la Kimarekani, na muuzaji anakupigia stori za Marekani weee mpaka unasahau kuangalia mtutu, na kwenye mtutu ndo kumeandikwa ilikotengenezwa. Winchester Model 101 ilianza kuuzwa 1963 na ilitengenezwa Japani na kampuni ya Olin-Kodensha mpaka 1987. Browning Citori ilitoka 1973, hiyo ni kazi ya Miroku wa Nangoku, mkoa wa Kochi, jamaa ambao kabla ya hapo walikuwa wanatengeneza mpaka mizinga ya kuvulia nyangumi. Charles Daly nyingi za miaka ya 60 na 70 ni Miroku haohao. Zile SKB (kampuni nyingine ya Kijapani) zilizouzwa na Ithaca ya Marekani, na baadae Weatherby Orion na Athena za Kijapani, zimetoka kiwanda cha SKB, na kama hujali jina kubwa basi SKB ndo mahali pa kuanzia kutafuta, maana watu wanazipita tu.

Citori mzee wake ni Superposed ya John Browning, ambayo kiwanda cha FN cha Ubelgiji walianza kuitoa 1931, nzuri mno lakini ina kazi nyingi ya mkono, na mkono wa fundi Ulaya ukawa ghali. Wajapani wakairahisisha pale ambapo mpigaji hapati hasara, mfano kile kishikio cha mbele (ile mbao ya chini ya mitutu), kwenye Superposed hakitoki kwenye mitutu, kwenye Citori unakichomoa kabisa. Alafu Superposed za mwishoni mwa miaka ya 60 kuna zilizofungwa mbao iliyokaushwa kwa chumvi, chuma kikawa kinaliwa na kutu chini ya mbao bila mtu kujua. Kwa Citori huo mzigo huna.

Sa tuje kwenye kushika. Ifungue, hakikisha chemba zote mbili ziko tupu, halafu angalia ule wenzo wa juu unaosukuma kwa dole gumba ukiwa umefunga. Bunduki ambayo haijachoka wenzo unalala kidogo kulia, ukikaa katikati sio kesi, ukishavuka kwenda kushoto ujue kufuli limelika. Alafu chomoa kishikio cha mbele kabla ya kupima ulegevu, hapa wengi wanapigwa, kwasababu kile kishikio na springi yake kinabana kila kitu unaona bunduki imekaza. Kitoe, funga mitutu, shika mitutu mkono mmoja na shingo ya kitako mkono mwingine, tikisa. Ukisikia ka-mlio au ukihisi inacheza, fundi atakula hela yako.

Mitutu itoe uiinue kwenye mwanga, zungusha taratibu huku unafuata mistari ya kivuli ndani, kivuli kikikatika kuna kibonyeo au uvimbe. Ukimaliza ining'inize kwa kidole kwenye ile ndoano ya chini, igonge na fundo la kidole. Inatakiwa ilie kama kengele. Ikitoa mlio mfu au wa kukwaruza, lehemu ya ule utepe wa juu au wa ubavuni imeachia, na kuirudishia sio kazi ya kila fundi.

Triga sasa. Tia risasi bandia, piga ya kwanza, piga ya pili. Kwenye 101 ya pili itakataa na muuzaji mwenyewe anaweza akadhani imekufa, kumbe triga yake inategemea msukumo wa bunduki kurudi nyuma ndo ihamie mtutu wa pili. Gonga kitako kwa kiganja kisha vuta tena. Ikiwa bado kimya, hapo ndo kuna shida kweli na bei ishuke.

Mbao angalia pale inapokutana na chuma nyuma ya bodi (lile boksi la chuma lenye triga), mafuta yakikaa miaka yanaifanya nyeusi na laini, na ufa mwembamba unaanzia hapohapo. Nakshi zikiwa na kingo za mviringo na herufi zimefifia, imeshasuguliwa na kupakwa rangi upya.

Mwaka wa Citori kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 70 unausoma kwenye herufi mbili za namba yake: RR ni 1977, PM ni 1980. Choki, yaani mdomo wa mtutu umebana kiasi gani, kwenye Citori za zamani zinaandikwa kwa nyota, moja ndo imebana kabisa, mbili wastani, tatu wazi kabisa. Usizidharau hizo nyota, maana bunduki hizi zilitengenezwa enzi za marisau (zile punje za ndani ya risasi) ya madini ya risasi, yaani ledi, Marekani ilipiga marufuku marisau hayo kwa ndege wa majini nchi nzima 1991, na marisau ya chuma hayabonyei, ukiyapitisha kwenye mtutu wa zamani wa nyota moja unaweza kuuvimbisha mdomoni. Kama unakopigia wanalazimisha chuma, tafuta iliyo wazi au yenye choki za kubadilisha, na muulize fundi kabla ya kulipa.