Kugundua kidudu hakukutosha: Hamburg, 1892

Umeuliza kama ni sayansi peke yake iliyobadilisha maisha ya watu Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Hapana, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni Hamburg, mji wa bandari huko Ujerumani. Daktari Mjerumani Robert Koch alishatambua bakteria wa kipindupindu mwaka 1884. Miaka minane baadaye, Agosti 1892, ugonjwa uliingia Hamburg ukaua watu zaidi ya 8,000 ndani ya miezi michache.

Mji huo ulinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Jirani yake Altona, mji ulioungana nao mtaa kwa mtaa, ulichota maji mto huohuo, tena upande wa chini yalikomwagwa maji taka ya Hamburg! Lakini Altona waliyapitisha kwenye matabaka ya mchanga kwanza, na wao walinusurika kwa kiasi kikubwa. Kwenye barabara ya mpakani, nyumba za upande mmoja ziliugua, za ng'ambo zikabaki salama.

Kwa nini Hamburg walichelewa? Matajiri wa biashara na wenye nyumba ndio walioshika mji, na mabishano ya nani alipie mtambo wa kuchuja yalidumu miaka mingi. Wafanyakazi wengi wa bandarini, waliokufa kwa wingi, hawakuwa na kura ya mji. Baada ya msiba, mtambo ulianza kazi 1893, na 1896 masharti ya kupata kura yakalegezwa.