Dadangu ametoka Riyadh na homa, sindano ya kemisti ilimtuliza siku moja, sasa kifua kimebana. Ni ugonjwa wa ngamia?

Swali (msomaji wa Eastleigh): Dadangu mkubwa alirudi kutoka Riyadh siku sita zilizopita, alikuwa kazi ya nyumbani na mwajiri wake anafuga ngamia. Ana homa, anakohoa na tumbo linaendesha. Kemisti alimdunga deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe na homa) akampa na antibayotiki, kesho yake akaamka akala vizuri kabisa. Leo kifua kinambana tena. Jirani anasema turudie sindano na tumfukize. Mama naye hunywa maziwa ya ngamia ya Isiolo bila kuchemsha. Hii ni MERS, ule ugonjwa wa virusi vya mapafu unaotoka kwa ngamia? Tumuuguze vipi hapa nyumbani?

Jibu (nesi wa wodi ya mahututi, Nairobi): Dada yangu, hiyo sindano msirudie. Mpelekeni hospitali leo, ile iko na oksijeni, na kabla hamjapanda gari pigeni simu muwaambie kuna mtu ametoka Saudia juzi ana homa na kifua kinambana, ndio wamtengee chumba asikalishwe kwa benchi katikati ya wagonjwa wengine. Avae barakoa, nyinyi pia mvae, na vioo vya gari vishushwe. Haya mengine soma ukiwa njiani.

Kama ni MERS hakuna mtu anaweza kukwambia kwa kumwangalia tu. Inaweza kuwa malaria, Covid, homa ya mafua, hata nimonia ya kawaida. Lakini virusi hivi huchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza na yeye amerudi siku sita tu, halafu alikuwa na ngamia karibu, kwa hivyo lazima apimwe. Na wakimpima omba wachukue makohozi ya kutoka ndani ya kifua, wasitosheke na kile kijiti cha puani, juu kwa binadamu virusi vya MERS hushika sana chini kabisa kwa mapafu na pua inaweza kutoa majibu safi wakati mapafu yanaharibika. Ngamia ni kinyume, kwake vinakaa puani, anatoa kamasi kidogo na anaendelea kula majani yake, ndio maana mfugaji ukimwambia huyu mnyama ana kitu haamini.

Sasa deksa. Hii ndio inaniuma kila wiki, karibu kila mgonjwa wa kifua ninayempokea amepitia kemisti kwanza akadungwa na akapata nafuu ya siku moja. Hiyo nafuu ndio shida. Homa, maumivu na kukosa hamu ya kula, mengi ya hayo ni mwili unapigana, deksa inautuliza mwili, homa inashuka, mtu anaitisha chapati, na virusi viko palepale vinaendelea na kazi. Watu walisikia mwaka wa 2020 kwamba deksa inaokoa wagonjwa wa Covid, na ni kweli, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha hivyo, lakini kwa wale waliokuwa tayari kwa oksijeni ama kwa mashine ya kupumua. Waliokuwa hawahitaji oksijeni haikuwasaidia. Hiyo nusu ya pili haikufika mtaani. Na MERS si Covid, wagonjwa mahututi wa MERS wa Saudia waliopewa steroidi, aina ya dawa kama deksa, virusi vilichukua muda mrefu zaidi kutoka mwilini mwao na haikupunguza vifo. Tena deksa inapandisha sukari, na wenye sukari, figo mbovu na wazee ndio MERS inawamaliza zaidi. Kati ya wagonjwa waliothibitishwa tangu 2012 ilipogunduliwa, zaidi ya 2,600, zaidi ya 35 kwa kila 100 wamekufa.

Kuna mama mmoja aliingia kwetu akitembea mwenyewe, anaongea vizuri, ana sindano mbili za mtaani. Alikuwa na piko nyeusi kwa vidole vyote, ile mashine ya kidole ya kupima oksijeni ya damu ikakataa kusoma, nikamvua soksi nikaiweka kwa kidole cha mguu, ikaandika asilimia 79. Nikahesabu pumzi kwa dakika nzima, 38. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Hakuwa na MERS, ilikuwa nimonia nyingine, lakini siku mbili alizopoteza akijiona amepona ndizo tulizokuwa tunazitafuta baadaye.

Unauliza kuuguza. MERS haina chanjo na haina dawa yake maalum, antibayotiki haiui virusi, kwa hivyo kuuguza ndio matibabu yenyewe na haifanyiki kwa nyumba ya vyumba viwili. Tunampa oksijeni, akizidiwa tunamlaza kifudifudi masaa mengi ndio mapafu ya nyuma yapate hewa, tunapima mkojo juu huu ugonjwa unapenda figo, na maji ya dripu tunayapima kwa uangalifu. Wale wanaokuja nyumbani kuwatundikia watu dripu ya nguvu, chupa baada ya chupa, jamani, mapafu yaliyovimba yanajazwa maji zaidi.

Kufukiza pia acheni. Mvuke haufiki kuua kitu huko chini, mtu anakohoa chini ya blanketi na wewe umemshikia sufuria, na nimewafunga bandeji watu wazima waliomwagikiwa na hayo maji. Korea Kusini mwaka wa 2015 msafiri mmoja alirudi kutoka Mashariki ya Kati na ugonjwa huu, mwisho wakahesabu wagonjwa 186 na vifo 38, na wengi waliambukizwa ndani ya hospitali, wagonjwa wengine, wahudumu, jamaa waliokuja kuuguza. Ndio maana nimesema mpige simu kwanza. Ndio maana pia mtu mmoja tu amhudumie hadi mfike.

Mama achemshe maziwa, yachemke kabisa, basi, hakuna haja ya kuyaacha. Kingamwili za MERS, yaani alama kwamba mwili umewahi kupigana na virusi hivyo, zimepatikana kwa damu ya ngamia wetu Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992, si kitu kimeletwa jana na ndege.

Na nyinyi wengine mnaosoma, mtu akikohoa na pumzi inakatika akipanda ngazi, ama akishindwa kumaliza sentensi, ama ile mashine ya kidole isome chini ya 94, msinunue sindano. Anayewauzia hajasikiliza kifua, hajapima sukari, hajauliza ulikuwa nchi gani, na usiku pumzi ikikatika atakuwa amefunga duka.

Dada, kile kichupa cha sindano kama kilitupwa kwa pipa kitoe, chukua na pakiti ya vidonge, andika saa aliyodungwa, mpe nesi wa kwanza utakayemkuta mlangoni. Usione haya, hatutawagombeza. Tunataka kujua homa imeshuka yenyewe au imeshushwa.