Shangazi, nalala na kilemba mume asivione vinundu vyangu

“Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, naishi Tanga. Kichwani nina vinundu vitatu, kikubwa ni kama gololi. Vina miaka, haviumi, nikivigusa vinateleza. Msusi alipovipapasa aliacha kunisuka, akasema nimetupiwa kitu. Jirani anataka anikamue. Miezi minne sasa nalala na kilemba, mume wangu hajui, na naogopa ni saratani. Marehemu mama alikuwa navyo, nilikuwa navigusa nikimsuka. Na mwanangu wa miaka sita ameota jipu utosini wiki iliyopita, nywele zimenyonyoka, nadhani ni urithi uleule. Nifanyeje?”

Marahaba mwanangu. Kichwa chako umekieleza kwa kirefu, cha mtoto umekipa mstari mmoja tena mwishoni. Mimi naanza na cha mtoto.

Vyako vina miaka, chake kina wiki. Huo si urithi. Mtoto wa umri huo akiwa na uvimbe unaobonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, unatoa usaha, na nywele za hapo zikishikwa zinatoka zenyewe, mara nyingi ni mapunye yaliyochachamaa. Mpapase shingoni na nyuma ya masikio, huenda ukakuta tezi zimevimba. Watu wengi hudhani ni jipu wakalipasua kwa wembe. Usithubutu, wala usikubali mtu akufanyie. Mapunye ni fangasi, nao wamejificha ndani ya mzizi wa nywele, kwa hiyo dawa ya kupaka peke yake haiwafikii. Anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, na dozi hupimwa kwa kilo zake. Kwa kawaida ni wiki sita hadi nane, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Usimkatize eti kwa kuwa ameanza kupendeza. Akicheleweshwa, huweza kubaki kovu ambalo nywele haziotei tena. Kwa hiyo mpeleke kesho asubuhi, na akiwa na homa mpeleke leo. Kofia yake na foronya zifue kwa maji ya moto, chanuo asichangie na mtu, na ndugu zake uwaangalie vichwa mmoja mmoja. Kinyozi naye aambiwe, maana mashine yake inapita kwenye vichwa vya mtaa mzima.

Sasa wewe. Vinundu vya duara, laini juu, vinavyoteleza chini ya kidole, visivyouma, na mama alikuwa navyo: hayo ni maelezo ya vifuko vinavyoota kwenye mizizi ya nywele. Ndani yake hujaa keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha na nywele. Huwapata zaidi wanawake, na katika familia kama yenu kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuvirithi. Saratani ndani yake ni nadra sana. Uchawi haumo kabisa, na huyo msusi mbadilishe. Vingekuwa laini zaidi, vya kubonyea kama sehemu ya sikio unapotoboa hereni, ningefikiria uvimbe wa mafuta, ambao nao kwa kawaida hauna neno.

Jirani mshukuru, lakini asikuguse. Ukikamua unaweza kutoa uji mweupe wenye harufu, ila kifuko kinabaki na kitajaa tena. Kikipasukia ndani, ndipo utakapojua maumivu.

Nami nilitolewa kimoja kisogoni. Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma, mengine nilisikia kuvutwavutwa tu. Damu ilinishtua, maana ngozi ya kichwa ina mishipa mingi, daktari akanikandamiza na pamba ikakata. Kisha akanionyesha kidude chenyewe kwenye sahani: cheupe, cha duara, kama jicho la samaki aliyeiva. Alihakikisha kifuko kimetoka kizima, kwa sababu kipande kikibaki kinaota upya. Nyuzi nilitolewa siku ya kumi.

Visipokusumbua si lazima uvitoe. Lakini kwa kuwa kesho uko hospitali na mtoto, inamisha nawe kichwa daktari akipapase. Usingoje hata siku moja kikianza kukua haraka, kikiwa kigumu na kimeng’ang’ania mfupa, kikigeuka kidonda kisichopona, au ukihisi kinadunda kama mapigo ya moyo. Kikiwa chekundu na cha moto, huenda kimeshambuliwa na vijidudu, kitibiwe hicho kwanza.

Kuhusu mumeo, mshike mkono umpeleke kidole juu ya hicho kikubwa, umwambie, “Hiki ni cha mama.” Miezi minne ya kilemba kitandani, na joto hilo la Tanga! Huenda maskini anadhani umemnunia.