Barua kwa Mwanangu Kuhusu Drafti na Mashine

Lindi Mjini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, nami sijambo, na tunamshukuru Mungu. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unaniuliza kama kuna haja ya kuendelea kumfundisha mjukuu wangu drafti, ilhali programu ya bure iliyo katika simu yako inamfunga mtu yeyote wa kijiweni kwetu, na kompyuta zimekwisha kuwashinda mabingwa wa dunia katika sataranji na katika Go, mchezo wa ubao wa Asia Mashariki unaochezwa kwa mawe madogo. Jibu langu ni kwamba aendelee, na ningependa nikueleze sababu zangu.

Watu wengi wakilizungumzia jambo hili huanzia New York, Mei 1997, pale kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Mashine ile iliweza kupima hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Lakini wewe umeniuliza habari za drafti, na kwa drafti mtu wa kumtazama ni Marion Tinsley.

Tinsley alikuwa Mmarekani, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu, na katika miaka zaidi ya 40 michezo aliyofungwa mashindanoni ilihesabika kwa vidole. Mwaka 1989 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walianza kuunda programu waliyoipa jina la Chinook. Mwaka uliofuata Tinsley na Chinook walikutana katika michezo ya kirafiki, na katika mmoja wao Schaeffer aliposogeza kete kwa hatua ya kumi, kama mashine ilivyomwelekeza, Tinsley alimwambia papo hapo kwamba ataijutia hatua hiyo. Wakati huo hesabu za Chinook zilionyesha kuwa yenyewe ndiyo iliyo mbele. Hatua chache baadaye hesabu zikageuka, na mwishowe Schaeffer akakubali kushindwa. Kila nikikikumbuka kisa hicho nastaajabu, kwa maana mtu aliyekaa kitini, bila chombo chochote, aliuona mwisho ambao mashine haikuweza kuufikia.

Mwaka huohuo Chinook ilishika nafasi ya pili nyuma ya Tinsley katika mashindano ya taifa ya Marekani, ikapata haki ya kugombea taji lake la dunia. Vyama vya mchezo vilikataa mashine igombee. Tinsley akalivua taji ili apate kucheza nayo, na London, mwaka 1992, akaishinda michezo 4, akafungwa 2, na 33 ikaisha kwa sare. Walikutana tena Boston mwaka 1994, lakini baada ya sare 6 alijiondoa kwa sababu ya ugonjwa. Ilikuwa saratani, na mwaka 1995 akafariki. Chinook ikabaki na ubingwa wa mtu dhidi ya mashine bila ya kumshinda yeye katika pambano zima.

Kwa nini mtu asiye na mshindani alitamani kucheza na mashine, hata akaachia taji kwa ajili yake? Binadamu wenzake walipokaa mbele yake walimwogopa, wakacheza kwa kujilinda wakitafuta sare. Chinook haikuwa na hofu, kwa hiyo ilimrudishia mchezo wenyewe, ule wa kuhatarisha na kufikiri mpaka mwisho. Hapo ndipo penye jibu langu kwako. Mashine imemnyang'anya kitu yule anayecheza ili ahesabiwe kuwa wa kwanza, na sikatai kwamba hasara hiyo ni ya kweli: Lee Sedol wa Korea Kusini, bingwa wa Go aliyefungwa na programu ya AlphaGo michezo 4 kwa 1 mjini Seoul mwaka 2016, alistaafu mwaka 2019 akieleza kwamba hata akiwa namba moja kuna kitu kisichoweza kushindwa. Simlaumu, kwa sababu maisha yake yote yalijengwa juu ya kuwa wa kwanza. Mjukuu wangu hachezi kwa ajili hiyo.

Huenda umesikia pia kwamba drafti imekwisha kutatuliwa. Ni kweli kwamba mwaka 2007 Schaeffer na wenzake walithibitisha kuwa pande zote mbili zikicheza bila kosa, mchezo huisha kwa sare. Lakini ile ni drafti ya Waingereza, ambayo kingi husogea hatua moja moja, na hii yetu, ambayo kingi hukimbia mstari mzima, uthibitisho ule hauihusu. Tena hata kama ungeihusu, ni nani kijiweni anayecheza bila kosa?

Likizo ya Juni mwanao alikaa na mzee mmoja fundi wa mitumbwi hapa mtaani, ambaye unamjua. Mzee yule hukilisha kizibo kimoja, kisha hukisukuma cha pili kwa kidole cha shahada bila kukiinua ubaoni, na kwa kuwa kula ni lazima, mpinzani hula huku akijua kwamba ataliwa vitatu. Mtoto aliliwa hivyo, akanyamaza, kisha akauliza imekuwaje. Mzee akavirudisha vizibo kimoja kimoja, akienda kinyumenyume mpaka pale kosa lilipoanzia, ambapo palikuwa mbali sana na pale mtoto alipodhani, akamweleza alichokiona na kwa nini alingoja. Simu yako ingemwonyesha hatua iliyo bora na namba pembeni yake, basi. Sababu isingempa.

Wala usidhani kwamba nguvu ya mashine ni sawa na kuuelewa mchezo. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa wa Go, aliifunga KataGo, mojawapo ya programu kali kabisa, michezo 14 kati ya 15. Alikuwa akilizunguka taratibu kundi la mawe ya mashine, nayo haikuiona hatari ambayo mchezaji wa kawaida angeiona mapema. Mbinu hiyo iligunduliwa kwa msaada wa kompyuta nyingine, nami hilo nalipenda, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu na mashine wanaweza kufundishana.

Kwa hiyo sikuambii umfiche simu. Acheze kwanza na watu, aandike hatua zake katika daftari, na mchezo ukiisha mwenyewe aseme alikosea wapi. Baada ya hapo ndipo afungue programu aone kama alisema kweli. Wakati mchezo unaendelea simu isiguswe kabisa, iwe ni mashindanoni au barazani, na wewe ndiye utakayemsimamia kwa hilo, maana nyinyi wazazi ndio mnaoshinda na simu mkononi.

Desemba shule zikifungwa mlete mapema, kabla mabasi ya kusini hayajajaa. Mzee ameniuliza habari zake mara kadhaa, na ubao tumeupiga randa upya. Msalimie mkwe wangu.

Wako,
Baba