Maswali ya wasomaji: ruhusa za msimbo katika .NET

Programu yetu ya .NET 2.0 haina shida ikiwa kwenye diski ya kompyuta. Ikifunguliwa kutoka folda ya seva inatoa SecurityException. Nimeshauriwa nizime ulinzi wote. Nifanyeje?

Usizime. Ulinzi huo wa .NET, uitwao Code Access Security, hauulizi nani anatumia kompyuta, unauliza msimbo umetoka wapi, kisha huupanga katika makundi yenye namba. Uliopo kwenye diski huingia kundi 1.1 na kupewa FullTrust, yaani imani kamili. Uliotoka mtandao wa ndani huingia 1.2 na kupata LocalIntranet, seti ndogo ya ruhusa ambayo haitoshi kusoma faili zozote utakazo wala kugusa rejista ya Windows. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, nenda C:\Windows\Microsoft.NET\Framework\v2.0.50727, uongeze kanuni ya folda yako kwa caspol, chombo cha kusimamia makundi haya:

`caspol -m -ag 1.2 -url file://seva01/programu/* FullTrust -n ProgramuZetu`

Hakikisha kwa `caspol -lg`. Ukikosea, `caspol -recover` hurudisha hali ya kabla ya badiliko la mwisho.

Amri ikikubalika na programu bado ikagoma, angalia mambo mawili. Folda ya Framework64 ina caspol yake na sera zake, kwa hiyo kanuni uliyoiweka upande wa biti 32 haionekani na programu inayoendeshwa kwa biti 64. La pili huwachosha wengi: seva ikiitwa kwa anwani ya IP au kwa jina lenye nukta, Windows kwa kawaida huihesabu kuwa ya intaneti, yaani kundi 1.3. Kanuni yako iko chini ya 1.2, basi haifikiwi kamwe. `caspol -rsg` ikifuatiwa na njia ya faili itakuonyesha makundi ambayo faili hiyo imeangukia.

Folda hiyo nayo iwe ya kusomwa tu kwa watumiaji wa kawaida, la sivyo yeyote anayeweza kuandika humo amejipatia FullTrust. Kama asembli zenu (faili za exe na dll) zimetiwa saini, ni salama zaidi kufunga kanuni kwenye ufunguo kwa `-strong -file Programu.exe -noname -noversion` badala ya `-url`. Na mkiweza kuhamia 3.5 SP1 ya 2008, huenda msihitaji kanuni yoyote: exe inayofunguliwa moja kwa moja kutoka folda ya mtandao hupewa imani kamili.

Maktaba yangu ya msimbo ina FullTrust, mbona bado inakataliwa kufungua faili?

Kwa sababu Demand, yaani ukaguzi wa ruhusa, hupanda mnyororo mzima wa metodi zilizoitana. Mwitaji mmoja tu asiye na ruhusa anatosha kuikwamisha. Assert husimamisha ukaguzi kwenye metodi yako, lakini itumie baada ya kukagua mwenyewe njia ya faili uliyopewa, kisha ita RevertAssert mara moja. Assert inayopokea njia yoyote kutoka kwa mwitaji humkopesha asiyeaminika ruhusa zako za faili.

Tumehamia .NET 4, kanuni za caspol hazifanyi kazi tena.

Tangu toleo hilo la 2010 sera hizo hazitumiki isipokuwa uziwashe kwa `<NetFx40_LegacySecurityPolicy enabled="true"/>` ndani ya `<runtime>` katika faili ya config. Tusingeshauri, ila kwa programu ya zamani isiyoweza kubadilishwa. Kosa 0x80131515 wakati wa kupakia plagini (kijalizo cha programu) kutoka mtandaoni hutatuliwa kwa `<loadFromRemoteSources enabled="true"/>`. Kama plagini ilikuja ndani ya zip, endesha amri ya PowerShell Unblock-File kwenye zip kabla ya kuifungua.

Naweza kuzibana plagini za nje kwa ruhusa hizi za msimbo katika .NET 8?

Hapana. Tangu .NET 5 kikusanyaji (compiler) hutoa onyo SYSLIB0003 kwamba njia hii imepitwa na wakati, na Demand haizuii chochote. Java nayo imeacha njia hiyo: SecurityManager, ulinzi wake wa aina hiyo, ilipangiwa kuondolewa katika Java 17 na ikazimwa kabisa katika 24. Endesha plagini kama mchakato wake mwenyewe, chini ya akaunti yenye haki chache au ndani ya kontena, na uwasiliane nayo kwa ujumbe kupitia paipu.